Vishindo Visivyoua

Mume wa marehemu dada yangu alifundisha takwimu chuoni umri wake wote wa kazi, na katika umri huo sikumbuki kumsikia akisema jambo lina hakika. Ukimuuliza kama atakuja kula Jumapili, anakwambia uwezekano ni mkubwa. Dada alikuwa akimjibu kutoka jikoni kwamba na uwezekano wa kukuta chakula nao ni mkubwa, ila unapungua kadiri anavyochelewa. Wakicheka wao, mimi naendelea na sahani yangu.

Mimi ni mtu wa biashara. Nanunua mota za pampu za maji zilizoungua, mafundi wangu wanazisuka upya waya wa shaba, tunabadilisha beringi, tunapaka rangi, tunauza kwa bei ya mtumba na dhamana juu. Shule yangu ilikuwa kulanguliwa na wajanja, mpaka wajanja walipoanza kuja kununua kwangu. Kwa hiyo kazi ya shemeji niliijua kama mpagazi anavyoujua mzigo wa mtu: uzito anaujua, kilichomo anakisia.

Dhamana ndiyo iliyotukutanisha kikazi. Nilimuuliza mota zangu nizipe muda gani. Mtu mwingine angetaja miezi, tukamaliza. Yeye aliuliza zinakufaje. Nikamwambia zinakufa kama kitu chochote kinavyokufa, zinanyamaza. Akaomba chaki ya fundi, akainama na suruali yake safi, akachora sakafuni mlima uliolalia upande mmoja. Ukitoa mota mia dukani siku moja, alisema, hazitakufa siku moja. Zipo zitakazokufa changa kwa ufundi mbovu. Fundi mkuu akakohoa. Nyingi zitakufa katikati. Halafu zipo chache zitakazogoma kufa, zitakazowazika hata walionunua. Hizo ndizo mkia wa mlima. Umbo lote lile, toka wachanga hadi mkia, ndilo mgawanyo wa uwezekano. Ukilijua umbo, huna haja ya kujua mota ipi itakufa lini. Unajua tu ni ngapi zitakurudia kabla dhamana haijaisha.

Hapo nilimwelewa vizuri sana. Dhamana niliipunguza siku ileile.

Toka hapo mafundi wakamwita Mzee Mgawanyo. Akiingia tu karakana, fundi mkuu anamuuliza leo anagawa nini. Anajibu, vifo. Fundi mkuu anasema basi fungu lake apewe bosi, ndiye mwenye tamaa. Shemeji alikuwa akiupenda utani ule kuliko alivyoonyesha. Alikuja kuchukua tarehe za mota zilizorudi, lakini tarehe hizo ningeweza kumsomea kwa simu.

Sasa kulikuwa na jambo moja alilolishika na hakuliachia. Mota nyingi haziuawi na uzee. Umeme unakatika, pampu inasimama, kisha umeme unarudi kwa kishindo, na kile kishindo ndicho kinachochoma waya. Shemeji alisema migawanyo iliyomo vitabuni inaangalia umri wa mota tu, kana kwamba inakufa kwa mvi. Yeye alitaka mgawanyo mpya, wenye ndani yake vitu viwili kila kimoja na tarakimu yake: vishindo vinakuja kwa wingi gani, na kila kishindo kina ukali gani wa kuua. Akiupata, alisema, mtu ataleta mota zake zilizokufa, na kanuni itamwambia mtaa wake una ugonjwa gani, wa vishindo vingi au wa vishindo vikali. Dawa zake ni tofauti.

Kazi ile aliianza dada akiwa hai. Dada alifundisha hesabu sekondari, na jioni walikaa meza moja, yeye akisahihisha madaftari ya wanafunzi, mumewe akisoma kwa sauti alichoandika. Dada hakuinua kichwa. Wakifika mahali panapokwama dada anasema, "Sijaelewa, rudia." Mumewe anarudia, na katikati ya kurudia anasimama mwenyewe, anafuta nusu ya ukurasa. Nimeyaona hayo mara nyingi nikingoja chai. Niliwahi kumwambia dada kwamba ana kazi rahisi, kulipwa mapenzi kwa kutoelewa. Akaniambia kwamba kutoelewa vizuri ni ufundi, na mimi sina, mimi nakubali haraka ili nile.

Dada akaugua, tukahangaika naye, akafa. Binti yao aliyeolewa mbali alikuja, akalia, akarudi kwa mumewe. Shemeji akabaki na nyumba.

Ukweli ni kwamba hakubaki nayo, aliipa mgongo. Nikimtembelea nakuta pazia halijafunguliwa toka mara ya mwisho nilipolifungua mimi. Jikoni kuna kikombe kimoja, na hicho ni kikavu. Lakini chuoni, katika ofisi yake mwisho wa korido, kulikuwa na birika la umeme, sukari, sweta nyuma ya mlango na malapa chini ya meza. Sisi tunaosafiri kibiashara tunajua: mtu malapa yake yalipo ndipo kwake. Alifika kabla ya mfagizi na kuondoka mlinzi akishaanza kupiga miluzi ya kumkumbusha. Katikati alikuwa na wanafunzi wachache, na mgawanyo wake.

Aliukamilisha akiwa peke yake. Kanuni ilikuwa na urefu wa nusu ukurasa. Alinionyesha, nikamwambia ina urefu mzuri. Nilikubali haraka.

Kisha umri wa kustaafu ukagonga. Mkuu wa idara alikuwa mwanafunzi wake zamani, na hakuacha kumwita Mwalimu hata baada ya kuwa bosi wake. Alimweleza kwa heshima zote kwamba chuo kina nafasi za mkataba kwa wastaafu wanaoendelea na utafiti, lakini utafiti uonekane: makala moja mpya ndani ya jarida la maana kabla mwaka wa masomo haujafungwa. Makala ikitoka, Mwalimu anabaki ofisini kwake miaka mingine kadhaa. Isipotoka, Mwalimu anakabidhi ufunguo kama wengine. Shemeji alinisimulia hayo akiwa amekaa juu ya kasha la beringi, akigeuza ufunguo wenyewe kidoleni. Nilimuuliza nyumbani kuna ubaya gani. Akasema hakuna ubaya wowote. Alisema hivyo mara mbili.

Basi akaipeleka makala. Tukangoja. Nasema tukangoja kwa sababu na mimi nilikuwa na hesabu yangu: mtu wa aina ile akirudishwa katika nyumba ile, atakayebeba ni mimi, na mke wangu alishaanza kuniuliza chumba chetu cha mwisho kina kazi gani.

Jibu likaja zuri. Jarida limeikubali, wakaguzi wameisifu, wameomba jambo dogo tu: mchoro mmoja wa mfano, wasomaji waone kwa macho. Alikuja karakana siku hiyo amevaa tai. Akatuambia. Mafundi wakampa mkono mmoja mmoja, mikono ina grisi, naye akaipokea yote. Kisha tukarudi kazini, maana kulikuwa na mteja, na nilipogeuka nikamwona bado amesimama katikati ya mota, anatabasamu kwa mtu ambaye hayupo. Habari njema isiyokuwa na wa kupelekewa ni kama mzigo uliofika bandarini bila jina la mwenyewe. Nikamwagizia soda. Akainywa amesimama, akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi bila tai. Alinikuta kaunta nabishana na mteja juu ya punguzo. Hakunisubiri nimalize, na hiyo haikuwa tabia yake. Aliweka karatasi mbele yangu, juu ya pesa ya mtu.

"Shem, unaona mistari mingapi hapo?"

Niliangalia. Ulikuwa mlima uleule wa sakafuni, safari hii umechorwa na mashine. Nikamwambia naona mmoja.

"Angalia vizuri."

"Ni mmoja. Printa yako imekula wa pili."

"Printa nzima," alisema. "Nimeichapa mara kadhaa. Ipo miwili. Mmoja umelala juu ya mwingine."

Nilimwondoa mteja kwa kumpa punguzo alilolitaka, jambo ambalo sijui kama amelisahau, nikamwingiza shemeji nyuma kwenye benchi. Akanieleza taratibu, na nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Kwa ajili ya mchoro alibuni mitaa miwili. Mtaa wa kwanza una vishindo vingi, kila kimoja dhaifu. Mtaa wa pili una vishindo vichache, kila kimoja kikali. Alitaka msomaji aone milima miwili tofauti. Ukatoka mlima mmoja. Akabadilisha tarakimu, akaongeza wingi na kupunguza ukali kwa kiasi kilekile, mlima haukutikisika.

Ndipo alipoirudia kanuni yake, mstari kwa mstari, kwa sauti, ofisini peke yake mlango umefungwa. Ule urefu wa nusu ukurasa ulikuwa nguo tu. Ukiuvua, wingi na ukali havitokei popote kila kimoja kivyake. Vinatokea vimezidishwa pamoja. Mota iliyokufa haijui imepigwa makofi mengi mepesi au machache mazito. Inalijua jibu la kuzidisha, basi. Na ukiliandika jibu hilo kama tarakimu moja, mgawanyo mpya unageuka kuwa ule wa zamani kabisa, uliomo katika kitabu anachofundishia wanafunzi wa mwaka wa pili.

Akakumbuka pia kwamba kompyuta ilikuwa imemwambia. Kila alipoiomba imtafutie zile tarakimu mbili kutoka kwenye tarehe za mota zangu, ilimletea jozi tofauti kila mara. Alidhani mashine ni kuukuu. Akaiomba tena na tena mpaka ikaleta jozi iliyompendeza, akaiandika hiyo.

"Wakaguzi hawakuliona hilo?" niliuliza.

"Hawakuliona."

"Na jarida liko tayari kuchapa?"

"Likipata mchoro."

Nikamwambia basi abuni mitaa mingine. Achague tarakimu zisizolingana zikizidishwa, milima itoke miwili, wachape, mkataba utiwe sahihi. Nilimpangia yote pale kama ninavyopanga biashara: mteja ameshakagua mzigo, ameridhika, hajauliza, muuzaji anayemkimbilia mteja njiani kumwonyesha ufa hajawahi kuoa. Tena hakuna anayeumia. Dhamana yangu inatokana na mgawanyo wake na haijanitia hasara.

"Haijakutia hasara kwa sababu ni ule wa zamani," alisema. "Wa zamani ni mzuri."

"Sasa ubaya uko wapi? Mimi nauza mota za zamani kila siku, nimezipaka rangi."

"Wewe unasema ni mtumba, shem. Na bei inasema ni mtumba. Hujabandika jina lako ukasema umeiunda."

Nilimwambia heshima haichemshi birika. Nikamuuliza anajua anachokitupa ni nini, au nimtajie. Akasema anakijua, amekaa ndani yake asubuhi nzima. Kisha akasema jambo moja zaidi. Alisema dada yangu asingelivuka hata ukurasa wa pili. Angesema neno lake moja, na yeye angerudia, na yangeishia pale mezani kwake kabla chai haijapoa. Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama fundi anayekuonyesha waya ulipokatikia.

Mkuu wa idara naye alimshauri kama mimi, ila kwa maneno yaliyopigwa pasi. Alimwambia makala za namna ile zinatoka kila mwezi duniani, kanuni ya fulani iliyopanuliwa, ya fulani iliyoboreshwa, nusu yake ni nguo juu ya mwili uleule, na dunia inazunguka. Alimwomba asubiri tu ichapwe, masahihisho yaje baadaye. Shemeji aliniambia kijana yule alikuwa karibu kumbembeleza, na kwamba alimwonea huruma, maana aliwahi kumkata alama kwa kosa dogo kuliko hilo.

Akaiondoa makala mwenyewe. Jarida likamshukuru kwa uaminifu wake. Shukrani hizo hazikuwa na miaka ya mkataba ndani yake.

Siku ya kuhama nilikwenda na gari la mizigo na fundi mkuu. Vitabu vilikuwa vizito kuliko mota, na fundi mkuu alisema hivyo. Mkuu wa idara alisimama koridoni akisaidia kushika mlango ulioweza kujishika wenyewe. Shemeji alitoa birika, sweta, malapa. Akafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu. Akampa yule mwanafunzi wake wa zamani ufunguo, akampa na mkono, tukashuka. Njiani alishika birika mapajani kama abiria anayeogopa kuibiwa.

Nilijaribu kufanya naye mapatano. Nikamwambia aje karakana kila siku, nitamwekea meza, atanisaidia mambo ya dhamana, na mshahara nitampa. Sikumwonea huruma, nilikuwa na faida ndani yake na nilimwambia. Akaja. Alikaa kwenye meza ile siku chache. Lakini mtu anayekuja kuchukua tarehe mara moja kwa mwezi anataniwa. Mtu anayekaa hapo kutwa, mwenye umri wa baba yao, amestaafu, ana msiba, mafundi wanampisha. Redio ikapunguzwa. Matusi yakaisha. Fundi mkuu akaanza kumwita Mwalimu. Shemeji aliisikia karakana yangu ikinyamaza kwa ajili yake, na asubuhi moja hakuja. Nilipompigia alisema benchi linamuumiza mgongo.

Chumba cha mwisho kwangu alikikataa pia, kwa shukrani nyingi. Mke wangu akasema nimempelekea maneno kama ninayemuuzia, na pengine ni kweli, sijui namna nyingine.

Kitu kimoja tu aliniomba. Alitaka kisanduku cha kufunga kwenye nyaya za nyumba yake, chenye sindano itakayoruka kila umeme unaporudi kwa kishindo na kibao kitakachohesabu. Fundi mkuu alimtengenezea kutokana na vipuri, akakifunga sebuleni ukutani, pale palipokuwa na kalenda. Nilipomuuliza ni cha nini, alinieleza mlangoni, amesimama na malapa yake miguuni. Miaka yote alichukua habari kwa wafu, mota zilizoletwa kwangu zikiwa zimeungua. Wafu hawawezi kusema wingi ni upi na ukali ni upi. Ili kuvitenganisha ni lazima mtu akae upande wa wazima, ahesabu na vile vishindo visivyoua kitu. Hivyo havijawahi kuhesabiwa, kwa sababu kikishapita hakuna anayekuja kulalamika.

Nikasema hiyo ni kazi ya kukaa tu nyumbani. Akasema ndiyo, na kwa sasa hana mpinzani.

Nilikwenda tena juzi Jumapili, mchana. Pazia lilikuwa limefunguliwa, lakini kwa ajili ya kukiona kisanduku. Alinipa chai katika kikombe, yeye akanywa katika kifuniko cha chupa ya chai. Tuliongea habari za binti yake kidogo, za bei ya shaba kidogo. Alikuwa ananisikiliza kwa sikio moja, la pili liko ukutani. Umeme ukakatika. Akainua kidole, nami nikanyamaza kama niko msibani. Ukarudi; friji likatikisika jikoni kama ng'ombe aliyechapwa fimbo, sindano ikaruka, kibao kikasogea.

"Na friji?" nikamuuliza.

Akaenda kulisikiliza, akaweka kiganja ubavuni mwake. "Bado zima."

Nikamuuliza atafanya hivi mpaka lini, maana hilo friji ni la zamani, walilinunua na dada, na vitu vya zamani vile vina roho ngumu. Akasema hajui. Mgawanyo wake una mkia mrefu. Nikamwambia anaweza kufa yeye kabla ya friji, na kazi yote ikapotea. Nilitaka kumtisha kidogo, akubali kile chumba.

"Haitapotea," alisema. "Utaandika tu kwamba nilipoondoka lilikuwa bado linafanya kazi. Hiyo nayo ni habari, shem. Watu wanaitupa, lakini ni habari."

Nikasema sawa. Nikamaliza chai, nikatafuta viatu vyangu, nikaaga. Shemeji yangu ni mtu aliyewasindikiza wageni mpaka barabarani siku zote, hata wale waliokuja kudai. Safari hii hakufika hata mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika tena, naye alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, anaungoja urudi.